Punguzo la kodi la majimbo ya Marekani kwa anayeajiri: linapotelea wapi kabla ya kuifikia biashara ndogo?

MizaniaSafi (mleta uzi)

Wakuu, mijadala ya vivutio vya kodi Marekani huishia kwenye viwanda vikubwa na mikataba yao ya mamilioni. Uzi huu ni wa upande mwingine: biashara yenye waajiriwa 3 hadi 30, na yale mapunguzo ambayo jimbo linaahidi kwa kila mtu mpya anayeajiriwa. Wahasibu na watu wa payroli, karibuni mmwage nondo.

Naanza na swali ambalo wengi huliruka. Watu huuliza "ni dola ngapi kwa kichwa?" kabla ya kuuliza "zinakatwa kwenye kodi ipi?" Punguzo hili halikatwi kwenye mapato, linakatwa kwenye kodi yenyewe. Dola 2,000 za punguzo ni dola 2,000 za kodi ambazo hutalipa. Sasa kama hudaiwi kodi hiyo, zinakatwa kwenye nini?

Chukueni Texas. Haina kodi ya mapato. Ina kodi ya franchise inayotozwa biashara, na kwa ritani za 2024 na 2025 biashara yenye mauzo yasiyozidi dola milioni 2.47 haikulipa hata senti. Ohio wana kodi ya mauzo ghafi iitwayo CAT, na kuanzia 2025 dola milioni 6 za kwanza hazitozwi. Ukitunga sheria ya kupunguza CAT kwa kila ajira mpya, umemtungia mkubwa tu. Duka la vipuri lenye watu 8 halimo humo kabisa.

Kwenye majimbo yenye kodi ya mapato hali ni nafuu kidogo, lakini kuna kona nyingine. Biashara ndogo nyingi ni za mtu mmoja, za ubia, au kampuni za mfumo wa S, ambazo faida yake hutozwa kwenye ritani ya mwenye mali. Punguzo linamfuata huko huko kupitia fomu ya K-1. Mwaka ambao biashara imepata hasara, na biashara inayopanuka haraka hupata hasara mwanzoni, kodi ni sifuri na punguzo linabaki kwenye karatasi.

Kikokotoo

Mkuu, hapo umesahau kwamba majimbo mengi yanaruhusu kulihamishia miaka ya mbele. Halifi.

MizaniaSafi

Halifi, ila linachacha. Mwenye biashara anaamua kuajiri leo kwa fedha za leo. Punguzo la kutumika miaka minne ijayo halisaidii kulipa mshahara wa Ijumaa hii. Na takriban nusu ya biashara mpya Marekani huwa zimefungwa ndani ya miaka 5, kwa hiyo sehemu ya mapunguzo hayo inazikwa pamoja na biashara zenyewe. Serikali ya jimbo inayahesabu kama msaada uliotolewa, wakati mpokeaji hakuwahi kuyagusa.

DaftariLaMwezi

Naunga mkono, na niongeze njia ambayo majimbo machache yameitumia vizuri: kupitisha punguzo kwenye kodi ya mishahara, ile ambayo mwajiri anamkata mfanyakazi kila malipo na kuipeleka jimboni. Kodi hii ipo hata biashara ikiwa kwenye hasara, kwa sababu ni ya mfanyakazi.

Illinois walifanya hivyo mwaka 2010. Mwajiri mwenye watu wasiozidi 50 alipata dola 2,500 kwa kila nafasi mpya halisi ya muda wote, naye aliikata kwenye kodi ya mishahara aliyotakiwa kuwasilisha. Tupige hesabu. Kati ya 2011 na 2014 Illinois walitoza 5% kwa watu binafsi. Wafanyakazi 6 wa dola 30,000 kwa mwaka, ukiacha misamaha midogo ya kila mtu, wanakatwa jumla ya dola 9,000, yaani kama dola 2,250 kila robo mwaka. Mwajiri aliyeongeza mtu mmoja anabakiza karibu robo mwaka nzima ya makato hayo. Mfanyakazi hapotezi kitu, kwani kwenye ritani yake bado anahesabiwa kuwa amekatwa kodi yote.

Georgia nao wana kipengele kama hicho kwenye daraja la chini. Kaunti zao 159 hupangwa upya kila mwaka katika madaraja 4 kwa kutazama ukosefu wa ajira, kipato na umaskini. Daraja la 1, yaani kaunti zilizo nyuma kabisa, linatoa dola 3,500 kwa kila nafasi kwa miaka 5 ilimradi nafasi iendelee kuwapo, na kinachozidi kodi ya mapato kinaweza kuhamishiwa kwenye makato ya mishahara. Daraja la 4 ni dola 750, na zinaruhusiwa kufuta nusu tu ya kodi. Daraja la 1 linataka nafasi mpya 2. La 4 linataka 25. Mwenye karakana ya watu 7 kwenye kaunti tajiri asipoteze muda hata kufungua fomu.

Pembetatu

Nafasi 25 kwa biashara ndogo ni utani. Virginia waliwahi kuwa kali zaidi: punguzo lao la dola 1,000 kwa nafasi lilihesabu zile zilizozidi 50, au 25 kwenye maeneo yenye shida. South Carolina angalau wana dirisha la wenye waajiriwa 99 kushuka chini, na wanaanzia kwenye nafasi 2.

Hesabu_Wazi

Hizo "nafasi 2" nazo zina mtego wake, na hapa ndipo maombi mengi huangukia. Kinachohesabiwa ni ongezeko halisi juu ya msingi, yaani idadi ya watu uliokuwa nao mwaka uliopita. Ulioajiri mwaka huu hawahesabiwi kwa idadi yao tu. Kuna kutoa waliokuwapo. Na msingi huo mara nyingi ni wastani wa miezi 12. Georgia wanapima hivyo: wastani wa kila mwezi wa wafanyakazi wa muda wote mwaka huu dhidi ya mwaka uliopita.

Tazameni kinachotokea. Biashara ilikuwa na watu 6 mwaka mzima uliopita. Mwaka huu, Januari hadi Juni, ina 6. Julai inaajiri 2, inakuwa na 8 mpaka Desemba. Wastani: (6×6 + 8×6) ÷ 12 = 7. Ongezeko ni 1. Kwa kipimo cha chini cha nafasi 2, haijafika.

"Basi mwaka kesho." Mwaka kesho ina watu 8 Januari hadi Desemba, wastani 8. Msingi sasa ni 7. Ongezeko ni 1 tena. Mwaka unaofuata, 8 kwa 8, ni sifuri. Watu wawili wameajiriwa kweli, wanalipwa kweli, na kwa kipimo hicho nafasi 2 hazikuonekana mwaka wowote. Wakubwa hawaguswi na hili, maana anayeajiri 200 katikati ya mwaka bado anabaki na ongezeko la 100.

Kikokotoo

Si aajiri Januari?

Hesabu_Wazi

Hesabu haimlipi. Tuseme kila mmoja anapokea dola 3,000 kwa mwezi. Kuwavuta wawili kutoka Julai hadi Januari ni miezi 6 × 2 × 3,000 = dola 36,000 za mishahara, bila kugusa kodi za mwajiri, wakati kazi ya kuwapa haijaja. Mbele yake kuna dola 7,000 kwa mwaka, kwa miaka 5 kama watu watabaki na masharti mengine yataendelea kutimia. Jumla dola 35,000 zilizosambaa miaka mitano dhidi ya 36,000 za mkononi. Hakuna mwenye akili timamu atakayefanya hivyo.

Mtunga sheria anaweza kuondoa tatizo hili kwa sentensi moja: pima idadi ya siku ya mwisho ya robo mwaka dhidi ya robo hiyo hiyo ya mwaka uliopita, kisha lipa sehemu ya nne ya punguzo kwa kila robo ambayo ongezeko lipo. Watu wa payroli wanazo tayari takwimu hizo kwenye ritani za kila robo.

BiMapato

Nyongeza kuhusu nani anahesabika, kwa sababu mwaka hadi mwaka makosa ni yale yale.

Mwenye mali na ndugu zake wa karibu huondolewa karibu kila mahali. Anayelipwa kwa fomu 1099, yaani kibarua anayejitegemea, si mwajiriwa, hata kama anakuja saa mbili asubuhi kila siku (na kama ndivyo, mna tatizo lingine kubwa zaidi na mamlaka ya kodi). Saa za chini kwa wiki ziko kwenye sheria ya kila jimbo: Georgia wanataka 35, na wa saa 34 hayumo. Majimbo mengine yanajumlisha saa za wa muda mfupi ili kupata mtu mmoja kamili, mengine hayajumlishi kabisa. Ukinunua biashara ya mwingine na watu wake 5, hao si ajira mpya, bali wamebadilisha mwajiri. Na kama payroli yako inaendeshwa na kampuni inayoajiri kwa niaba yako, angalia kwanza ritani za robo mwaka zinakwenda kwa namba ya mlipakodi ya nani. Zikienda kwa namba ya kampuni ile, jimbo linaona biashara yako haina mfanyakazi hata mmoja, na itabidi uthibitishe kwa barua, mkataba na orodha ya majina.

Kisha tarehe. Hizi ndizo zinazoua.

WOTC, ambalo ni punguzo la serikali kuu kwa anayeajiri watu wa makundi yanayopata kazi kwa shida, lakini linapitia ofisi za ajira za majimbo, linataka Fomu 8850 ijazwe na mwombaji kabla ya kupewa kazi au siku ile anapopewa, na ipelekwe ofisi ya jimbo ndani ya siku 28 tangu aanze. Siku ya 29 huna haki. Hakuna kamati ya kusikiliza sababu. Kiasi: 40% ya dola 6,000 za kwanza kama amefanya saa 400, 25% kama ni kuanzia 120 hadi 399. Akiacha kazi akiwa na saa 119, sifuri. Kwa makundi mengi kikomo ni dola 2,400, na kwa baadhi ya wanajeshi wastaafu hufika 9,600. Sheria iliyokuwapo iliwahusu walioanza kazi hadi 31 Desemba 2025. Huko nyuma Bunge la Marekani liliwahi kuliacha likaisha kisha likalirudisha kwa kuanzia nyuma, ndiyo maana wazoefu huendelea kupeleka fomu hata katika kipindi cha pengo.

California kwa punguzo lao la ajira mpya walioliweka 2014: mwajiri alitakiwa kuripoti mtu mpya kwa idara ya ajira ndani ya siku 20, halafu ndani ya siku 30 za kutimiza hilo aombe hifadhi ya punguzo, yaani atengewe mapema, kwa mamlaka ya kodi ya mapato. Mhasibu anayekutana na mteja mara moja kwa mwaka, mwezi Machi, alikuwa amechelewa kwa kila aliyeajiriwa mwaka mzima uliopita. Kuomba hifadhi kulikuwa bure na kulifanyika mtandaoni, lakini ilibidi kuwe na mtu ofisini ambaye kazi yake ni kukumbuka.

Pembetatu

Hilo la California linastahili darasa lake. Watu wanasikia "35% ya mshahara" wanashangilia. Si 35% ya mshahara. Ilikuwa 35% ya sehemu ya mshahara iliyo juu ya 150% ya kima cha chini cha jimbo na isiyozidi 350%.

Mwaka 2024 kima cha chini kilikuwa dola 16 kwa saa. 150% ni dola 24, na 350% ni dola 56. Fundi unayemlipa dola 22 kwa saa: punguzo sifuri. Unayemlipa 25: inayohesabika ni dola 1 kwa saa. Kwa saa 2,000 ni dola 2,000, na 35% yake ni dola 700 kwa mwaka. Wa dola 40 ana 16 × 2,000 = 32,000, na 35% ni dola 11,200.

Halafu mtu huyo huyo ilibidi atoke kwenye orodha: asiye na kazi kwa miezi 6, mwanajeshi aliyetoka jeshini ndani ya miezi 12, aliyewahi kufungwa kwa kosa kubwa, anayepokea msaada wa CalWORKs (fedha za jimbo kwa familia maskini), au aliyepata nafuu ya kodi ya wenye kipato kidogo mwaka uliotangulia. Na eneo la kazi liwe ndani ya maeneo yaliyoteuliwa. Yaani jimbo lilikuambia tafuta aliyekaa miezi 6 bila kazi, mlipe dola 40 kwa saa, kwenye mtaa maskini. Wapo, lakini wahesabuni. Maduka, migahawa na baa walifungiwa nje isipokuwa mauzo yao yawe chini ya dola milioni 2. Ukimwachisha kazi kabla ya miezi 36 bila sababu zinazokubaliwa, ulitakiwa kurudisha ulichochukua.

Wenyewe walijirekebisha kidogo wakati wa UVIKO. Punguzo la 2020 kwa wenye watu wasiozidi 100 waliopoteza nusu ya mauzo lilikuwa dola 1,000 tu kwa kila ongezeko la mfanyakazi kamili, kikomo dola 100,000, lakini mwajiri aliruhusiwa kuchagua: likatwe kwenye kodi ya mapato au kwenye kodi ya mauzo anayoiwasilisha. Mgahawa wenye hasara una kodi ya mauzo kila robo mwaka. Kwa mgahawa huo, dola 1,000 hizo zilikuwa na thamani kuliko 35% yoyote ya kwenye karatasi.

Kikokotoo

Sawa, nimekubali kuhusu muundo. Lakini swali la msingi bado: hata likifika mfukoni, linaongeza ajira au linamzawadia aliyekuwa anaajiri tu?

DaftariLaMwezi

Yote mawili, na uwiano ndio ugomvi wenyewe. Timothy Bartik wa Taasisi ya Upjohn, Michigan, amechambua tafiti nyingi za vivutio vya majimbo na kukadiria kwamba vinageuza uamuzi wa kampuni kati ya mara 2 na 25 kwa kila 100. Zilizobaki zingefanya vile vile bila kupewa kitu. Hizo ni za kampuni zinazochagua mahali pa kujenga, si duka linaloongeza karani, ila inakupa picha.

Geuza iwe fedha. Jimbo linatoa dola 2,500 kwa ajira 100 = dola 250,000. Kama ajira 10 kati ya hizo ndizo zilizoletwa na punguzo, kila moja imegharimu 25,000. Zikiwa 25, ni 10,000. Gharama kwa ajira haiko kwenye sheria, iko kwenye idadi ya wale ambao wasingeajiri bila punguzo.

David Neumark na Diego Grijalva walichunguza mapunguzo ya majimbo wakati wa mdororo wa 2007 hadi 2009 na baada yake. Mengi hayakuonyesha ongezeko la maana. Yaliyoonekana kufanya kazi ni yale yaliyolenga wasio na kazi, yale yenye kipengele cha jimbo kudai fedha zake nafasi zisipotimia, na yale yanayolipwa taslimu hata kama hudaiwi kodi. Pia waliona kwamba kuajiri kunaweza kuongezeka kuliko idadi ya walio kazini: watu wanaingia na kutoka, mwajiri anakusanya punguzo mlangoni.

Hesabu_Wazi

Hapo ndipo ongezeko halisi linapohitajika pamoja na usumbufu wake wote. Punguzo la taifa la 1977–78 lilijaribu njia ya kati: lililipa 50% ya dola 4,200 za kwanza za mshahara, lakini kwa ukuaji uliozidi 102% ya mwaka uliopita tu. Ile 2% iliwakata waliokuwa wanakua kwa kawaida yao. Kwa biashara ya watu 50, 2% ni mtu mmoja. Kwa biashara ya watu 6 ni sehemu ya nane ya mtu, haisumbui. Ndiyo maana naona kizingiti cha asilimia ni rafiki kwa mdogo kuliko kizingiti cha idadi.

Pembetatu

Sikubaliani na jimbo kumdai mdogo arudishe fedha za punguzo, angalau si kwa mtindo wa mkubwa. Kiwanda kinachofunga mstari wa uzalishaji kilijua. Biashara ya watu 6 ikiondokewa na mtu Novemba, kisha ikachukua wiki 7 kumpata mwingine, wastani umeshuka bila hila yoyote. Wape siku 90 za kujaza nafasi, na ihesabiwe nafasi, si jina la mtu. Bila hivyo mhasibu makini atamshauri mteja asiombe, maana deni la kurudisha linaweza kuja pamoja na riba mwaka ambao biashara imelegea.

BiMapato

Siku 90 zinatosha. Ila mwenye biashara atunze faili: ritani za robo mwaka za jimbo, orodha ya payroli ya kila mwezi yenye saa, fomu W-4 (za kupangia makato ya kodi) za walioingia, tarehe za kuacha kazi na sababu zake, na uthibitisho wa kupokelewa kwa kila ombi. Mkaguzi huanza kwa kuomba orodha ya miezi 12 ya mwaka wa msingi, si ya mwaka wa punguzo. Wengi hawana ya mwaka wa msingi, walibadilisha programu ya payroli na data haikuhamishwa.

Kikokotoo

Swali la mwisho kutoka kwangu. Hizo dola 2,500, mtu anabaki nazo zote?

MizaniaSafi

Hapana mkuu. Kodi ya jimbo inakatwa kwenye faida unapopiga hesabu ya kodi ya serikali kuu. Jimbo likikupunguzia dola 2,500, gharama yako ya kodi ya jimbo imepungua kwa kiasi hicho na faida inayotozwa huko juu imepanda kwa kiasi hicho hicho. Kampuni ya mfumo wa C, yaani inayolipa kodi ya faida yenyewe badala ya mwenye mali, inatozwa 21%: dola 525 zinakwenda Washington, unabaki na 1,975. WOTC nayo inakulazimisha kupunguza gharama ya mishahara uliyodai kwa kiasi cha punguzo. Toa hapo ada ya mhasibu. Akikutoza saa 4 za kuandaa msingi na maombi kwa dola 150 kwa saa, zimebaki 1,375 kwa mtu mmoja aliyeajiriwa. Kwa watu wanne walioombewa kwenye faili moja ada ni karibu ile ile, na hapo angalau inaanza kuleta maana.